Kwaya ya Mgeta na Kisanduku cha Sauti

Kompyuta ilizima tena wanakwaya wakiwa katikati ya ubeti wa kwanza. Kioo kikageuka bluu, kikajaa maneno meupe ya Kiingereza, halafu mashine ikajiwasha upya kana kwamba haijafanya lolote. Mimi Hamza, ninayejulikana Morogoro nzima kwa mdomo, niliishia kuwaomba radhi.

Watu hawa walikuwa wameshuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, kuja kurekodi wimbo mmoja kwenye studio yangu. Studio ni jina tu. Ni chumba cha nyuma ya duka la madaftari, nimekizungushia magodoro ukutani. Lakini redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, kila kwaya ilitaka isikike, na mimi nilikuwa nimenunua Kariakoo kisanduku kipya cha sauti: maikrofoni zinachomekwa humo, nacho kinachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Nilikionea fahari sana. Lori likimaliza kushusha mzigo sokoni lingewapitia, na dereva alishasema hamsubiri mtu.

Nikapuliza vumbi. Nikachomoa memori, nikaifuta, nikairudisha. Nikalaumu umeme. Wakaimba, kompyuta ikazima.

"Fundi, pumzika kidogo," mzee Severin, mwenyekiti wa kwaya, akaniambia kwa upole. "Sisi wimbo ukikataa, tunajua kuna watu hawajapatana." Akawaketisha wenzake kwenye mabenchi. "Mwenye neno na mwenzake aseme."

Nilitaka kucheka, nikaheshimu mvi zake. Mwimbaji mmoja wa besi akakiri kwamba huvaa sare ya kwaya kwenye harusi asizoalikwa, ili apate pilau ya meza ya mbele. Wakamsamehe huku wakimcheka. Kisha macho ya wote yakaenda kwa Editha na Juliana.

Hao ni ndugu, mama mmoja. Wote wawili waliimba sauti ya kwanza, lakini mmoja alikaa mlangoni na mwingine huko ukutani. Asubuhi mzee Severin alikuwa ameninong'oneza nisiwape maikrofoni moja. Waligombea maji ya mfereji wa bustani zao, na tangu hapo hawasalimiani. Sasa Editha, dada mtu, alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Nikaendelea na kazi yangu. Nilichomoa kisanduku, nikarekodi kwa maikrofoni ndogo ya kompyuta yenyewe. Mashine ikatulia. Nikakirudisha kisanduku, nikabonyeza kurekodi: bluu. Basi nikamjua mchawi wangu. Nikaifuta ile programu iliyokuja na kisanduku kwenye CD, nikawasha upya, nikaiacha kompyuta ikitambue kwa akili yake. Nikajaribu. Mistari ya sauti ikaanza kutembea kwenye kioo, ikatembea bila kukatika.

Nikafungua mdomo niwaambie. Hapo hapo Editha akainuka.

"Juliana," alisema, "mwanao alipofariki sikuja msibani. Mlipita na jeneza mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa jikoni, nimefunga mlango. Kwa ajili ya maji tu. Nisamehe, mdogo wangu."

Juliana akamgeukia.

"Nilijua umo ndani, dada," akasema. "Moshi ulikuwa unatoka. Nilipita nikiutazama mlango wako, nikisema sasa hivi atatoka."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Editha na hakuyafuta. Juliana akavuka chumba, akasimama ubavuni pake, akamshika mkono. Nililia mimi mwenyewe, na sioni haya kulisema.

Ya programu nikayameza. Niliwasogezea maikrofoni moja, wakaimba wimbo wote mpaka mwisho.

"Umeona, fundi?" mzee Severin akaniuliza.

"Nimeona, mzee."

Lori lilipopiga honi walitoka mbio kupanda. Editha akabaki nyuma, akakisogelea kile kioo.

"Mwanangu, hii mistari ilikuwa inatembea kabla sijasimama. Mashine yako ilishapona."

Nikababaika. "Ilishapona, mama. Sasa mbona ulisimama?"

"Nilikuwa naomba isipone mpaka nipate nguvu. Nikaona imepona, nawe unafungua mdomo." Akajifunga kitenge vizuri. "Nikakuwahi."

Nje, Juliana alikuwa ameketi kwenye lori, juu ya matenga matupu, anapigapiga nafasi iliyo kando yake.

"Dada, njoo," aliita. "Nimekushikia."