Tukitoka Makaburini

Baba mkwe wangu, Mzee Mwishehe, alikufa alfajiri ya siku ya uchaguzi wa kitongoji chetu huku Dutumi. Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonijia halikuwa innalillahi. Nilisema moyoni: leo, baba? Leo kweli?

Mume wangu Seif alikuwa anagombea uenyekiti. Si mwanasiasa. Analima mihogo na ufuta, na akisimama mbele ya watu anasahau hata salamu. Aligombea kwa sababu moja tu. Mwenyekiti aliyekuwapo, Latifu, alikuwa ameshakubaliana na tajiri mmoja wa mjini kwamba eneo letu la makaburi lipimwe viwanja. Pale amelala mama yake Seif. Amelala pia mwanangu wa kwanza, aliyefariki hata jina hatujampa.

Na tulikuwa tunashinda, msinibishie. Mzee Mwishehe alikizeekea chama cha Latifu, fulana zake alizivaa mpaka zikageuka matambara ya kufutia taa. Lakini kwenye mkutano wa kampeni alisimama akasema, "Chama changu nakipenda. Ila mke wangu hauzwi." Watu walicheka, ila neno liliwaingia. Tangu siku ile hata wakereketwa wa chama walikuwa wakipita kwetu na kuninong'oneza, "Mwambie Seif, yangu anayo."

Sasa huku kwetu msiba ni msiba. Ukitokea, jembe la shamba halishikwi na duka linafungwa. Anayeonekana akihangaikia mambo yake kabla maiti hajazikwa, siku yake ikifika atazikwa na familia yake peke yake. Basi watu wetu, kwa sababu ndio waliotupenda, walikuja kwetu moja kwa moja asubuhi ile. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, wanawake wakawasha moto. Watu wa Latifu walipitia kwanza shuleni, wakapiga kura, ndipo wakaja kulia na sisi. Utawalaumu kwa lipi? Shule iko njiani.

"Tutapiga tukitoka makaburini," watu wetu waliambiana.

Ingewezekana, kama tungezika adhuhuri. Lakini shangazi Mwanajuma, dada wa marehemu, alipiga simu kutoka Kisarawe akasema kaka yake asizikwe mpaka afike. Tukangoja. Adhuhuri ikapita, na kituo kinafungwa saa kumi. Nikamfuata Seif mkekani, nikachuchumaa karibu yake.

"Waambie waende kwa zamu, wachache wachache. Baba mwenyewe angetaka hivyo."

Hakuinua uso. "Niwaambie wamwache baba ndani, wakanichague mimi?"

Shangazi alipofika, nilimshika mkono nikamwomba aseme yeye, maana yeye angesikilizwa. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

"Faudhia, kaka yangu yumo ndani kafunikwa shuka, wewe unawaza uongozi?"

Jeneza lilitoka baada ya swala ya alasiri, zimebaki dakika chache kufika saa kumi. Latifu alikuwa mbele kabisa, bega lake chini ya jeneza, machozi yakimtoka, na sidhani kama yalikuwa ya uongo. Wanaume walipopotelea nyuma ya migomba nilijifunga khanga nikaenda shuleni peke yangu, karibu mbio. Msimamizi alikuwa anapiga miayo. Nikapiga kura yangu nikarudi. Jirani yangu Mwanahalima, tuliyekopeshana chumvi miaka yote, aliniona naingia. Hakuuliza nimetoka wapi. Alivuta mkeka wake pembeni, na wenzake wakavuta yao.

Hatukuibiwa hata kura moja. Wapo wanaosema tuliibiwa, na ningetamani sana iwe kweli, walau ningepata wa kumchukia. Latifu alishinda kwa kura za watu wasiojaza hata darasa moja. Sisi tulikuwa wengi mno. Tulikuwa msibani.

Siku ya hitma Latifu alikuja na mchele na sukari. Alikaa karibu na Seif, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu, yule alikuwa mzee wetu sote. Wapimaji wakija, kaburi lake ndilo tutakalolihamisha la kwanza, kwa heshima zote. Lake na la mama."

La mtoto hakulitaja. Hakulijua, halina hata jiwe.

Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme neno, lolote, hata tusi.

"Ahsante, mwenyekiti," Seif alisema. "Karibu chakula."

Nami nikaenda jikoni kumpakulia.