Mshale Mdogo Unaotazama Chini

"Imekufa hii, Mama Tekla," Adrian alisema, akanirudishia flashi yangu bila kunitazama.

Jana jioni ilikuwa nzima. Niliifungua kwenye kompyuta ya darasa letu la watu wazima, ukumbi wa kanisa, Mlandege. Ndani yake kuna sauti ya kikao cha ukoo, siku tulipomaliza matanga ya mume wangu. Shemeji yangu Ambrosi alisema mbele ya watu kwamba nyumba ni yangu na watoto. Sasa anaidai. Daftari la kikao limepotelea mikononi mwake, na simu iliyorekodi iliibiwa stendi. Kesho asubuhi baraza la kata litatusikiliza, nao wanataka sauti hiyo kwenye CD. Mtaani kwetu ni Adrian tu mwenye mashine ya CD. Mke wa Ambrosi ni mama mdogo wa Adrian.

"Jaribu tundu lingine, mwanangu."

Akachomeka. Akatikisa kichwa. "Niachie niihangaikie taratibu. Pitia kesho mchana."

Kesho mchana, baraza likiwa limeshamalizika.

Mwanzoni nilipoingia dukani kwake alinipokea vizuri kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mama," akanivutia kiti. Nilipomweleza kilichomo kwenye flashi, aligeuza kioo cha kompyuta upande wake, akaichomeka na kubofyabofya. Mtu anayepima kitu kama ni kizima habofyi mara nyingi hivyo.

"Geuza kioo nami nione."

"Haya ni mambo ya ufundi, mama."

"Ndiyo ninayosomea."

Akacheka. "Kumbe! Sisi tulidhani jioni mnaenda kuimba mapambio."

"Tunaimba kwanza, halafu tunasoma. Geuza."

Nilisali moyoni: Bwana, nisimdhulumu mtoto huyu, wala yeye asinidhulumu. Kisha nikageuza kioo mwenyewe, nikashika kipanya. Niliipata orodha ya vifaa, na humo jina la flashi yangu. Pembeni yake palikuwa na mshale mdogo unaotazama chini. Mwalimu wetu alitueleza kwamba kifaa chenye mshale huo hakijafa. Kuna mtu amekizuia.

"Ambrosi amekupa nini?" nikauliza.

Adrian alitazama mlangoni. "Hajanipa kitu. Hajui hata kama uko hapa."

"Basi kwa nini?"

"Kwenye hiyo sauti kuna mtu anasema, 'Rudia, baba mdogo, huku nyuma hatujasikia.' Ni mimi. Nilikuwa nagawa chai. Wakinisikia barazani wataniita nitoe ushahidi, na mimi nalala kwa Ambrosi, mama."

Sauti hiyo nilishaisikia mara nyingi, ila sikuwahi kujiuliza ni ya nani. Nilitaka kumwamini. Lakini anayelala kwa Ambrosi anaweza pia kutumwa na Ambrosi. Nikabofya kitufe cha kulia, nikachagua neno Enable, ambalo kwetu darasani tunaliita ruhusu. Mshale ukatoweka, flashi ikafunguka.

Tukasikiliza. Mara ya kwanza Ambrosi alisema kwa kunong'ona, maneno yakamezwa na kelele za vikombe. Kijana akamwomba arudie, ndipo akapaza sauti: nyumba ni ya shemeji na watoto wake.

"Nikate hapo nilipoongea mimi?" Adrian aliuliza. "Ni sekunde mbili tu."

"Baraza litauliza tulikata nini. Acha kama ilivyo."

"Basi usinitaje jina."

"Sitakutaja. Wakikutambua wenyewe, sema ulichosikia."

Aliweka CD kwenye mashine, akatoka, akarudi na chai ya maziwa, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nikamshukuru. CD ilipokuwa tayari nilimwambia aipige yote, tangu sala ya kufungua mpaka sala ya kufunga. Zilikuwa dakika arobaini. Nilikaa mkono ukiwa juu ya flashi, nikihesabu kila sauti niliyoijua. Hakuna neno lililokosekana.

Ndipo nikainuka, nikamtakia amani ya Bwana, nikaondoka na vyote viwili. Chai sikuigusa; sikujua imetoka jikoni kwa nani.