Vitenzi vya Mkononi

Kwenye ukumbi wetu wa kufuma hakuna anayesema. Mitambo kumi na miwili ikishaanza kugonga, hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni ataona meno yako tu, na wewe utameza vumbi la pamba bure. Ndiyo maana tunaongea kwa mikono. Vidole viwili vikizungushwa hewani, mtambo unakwenda. Vidole vidogo vikishikana halafu vikaachana, uzi umekatika. Ngumi, simamisha. Kiganja shavuni, twende tukapumzike. Tunasengenyana kwa mikono, tunajuliana hali za watoto, na mimi nikikasirika, jambo ambalo ni la kila siku, wenzangu husema hata vidole vyangu vina sauti. Jina langu pale ni Kiberiti, na sikupewa bure.

Shifti nayo ina namna yake ya kuisha. Anayetoka anagonga fremu ya mtambo mara mbili, kisha anafungua kiganja. Anayeingia anaweka chake juu. Hapo mtambo unakuwa wako, na mwenzako anakwenda nyumbani roho yake imetulia. Aliyenifundisha hayo ni mama mkwe wangu, aliyesimama kwenye mtambo namba saba miaka thelathini na moja. Siku daktari wa kiwanda alipompima masikio na kukuta hasikii tena kitu, walimtoa katikati ya shifti na karatasi mkononi, wakampitisha mlango wa ofisini. Hakugonga. Mimi nilikuwa namba nane, nikaona yote, na mpaka leo nikiyakumbuka nakosa raha.

Mwaka huu wakaleta mitambo mipya, kumi na miwili kama ile ya zamani, ila kila mmoja una kioo kinachoandika Kiingereza. Meneja akatukusanya uani akasema kutakuwa na mtihani baada ya wiki tatu. Maswali thelathini, kila swali ni sentensi inayotokea kwenye kioo, nawe unaandika kwa lugha yako ungefanya nini. Ukipata ishirini, unabaki na mtambo. Usipopata, unapewa barua ya kwaheri. Shifti yetu ina wanawake kumi na wawili, kwa hiyo hatukuwa tunashindana sisi kwa sisi. Tulikuwa tunashindana na Kiingereza. Nina miaka arobaini na tisa, na kazi ninayoijua ni hiyo moja. Niliogopa, sioni haya kusema.

Pamoja na mitambo alikuja mkufunzi, binti mpole mwenye faili kubwa. Mitambo ikiwa imezimwa, akatugawia orodha ya vitenzi. Ni vitenzi vidogo tu, alisema, vya kila siku. Nikaangalia neno run. Upande wa pili wa karatasi kulikuwa na kukimbia, kwenda kwa mashine, kuendesha, kuisha kwa uzi likifuatwa na out, kuchuja kwa rangi, na mengine mpaka zikatimia maana kumi na nne. Nikageuza ukurasa. Stop, halt, cease, zote kusimama.

"Binti," nikamwambia, "hawa watu wana neno moja lenye kazi kumi na nne, halafu kazi moja wameipa maneno matatu. Si wangegawana?"

"Ndivyo lugha zilivyo, mama."

"Lugha zao. Si yetu."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mtambo wake ni namba tisa, akaingilia. Yeye alifika kidato cha nne na Kiingereza hakimpi shida. "Yetu je, wifi? Asubuhi unapiga mswaki, unapiga deki, unapiga pasi, kisha unampigia simu kaka yangu. Mgeni akikusikia si atafikiri unapigana kutwa nzima?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi.

Kicheko kikaisha siku ya jaribio la kwanza. Kulikuwa na swali lililosema The colour runs. Nikafikiri, nikaandika kwamba nitaikimbilia rangi mpaka niikamate. Wifi alipata ishirini na sita. Mimi nilipata saba, na nadhani mbili kati ya hizo mkufunzi alinionea huruma.

Jioni ile wifi alikuja kwetu kunisaidia. Tukakaa kwenye meza ya jikoni, yeye anasoma, mimi narudia. Baada ya nusu saa mume wangu alibeba kiti chake akahamia barazani, kwa sababu anajua dalili zangu. Neno break liliponifikia mara ya tano likiwa na maana nyingine tena, niliisukuma karatasi ikaanguka chini.

Mama mkwe alikuwa mwisho wa meza, anashona kifungo cha shati. Hasikii, lakini karatasi ikiruka anaiona. Akagonga meza, akauliza kwa mkono: mna nini nyie?

Nikamjibu kwa mkono, kwa hasira. Kazi yetu sasa inataka maneno. Neno moja, mambo mengi.

Mambo gani, akauliza.

Nikamwonyesha. Nilizungusha vidole viwili, mtambo unakwenda. Nikasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada mpaka nchani kikapotea, uzi umekwisha. Nikashusha vidole vyote taratibu mbele ya kifua, rangi inachuja. Mama akatazama, akainua vidole vitatu. Hayo ni mambo matatu. Nikainua kimoja. Wao wanayaita jina moja. Mama akafikiri kidogo, kisha akazungusha kidole karibu na kichwa chake, ishara tuliyokuwa tunaitumia kwa msimamizi mmoja aliyekuwa na kawaida ya kuvaa miwani miwili.

Nilipogeuka, wifi alikuwa ameacha kusoma.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia Mama. Umetoa maana tatu za run, moja baada ya nyingine, na karatasi iko sakafuni."

Nikaitazama mikono yangu. Kweli, karatasi ilikuwa sakafuni.

Tukabadilisha mwendo. Wifi akawa anasoma sentensi nzima ya kioo, ananiambia maana yake mara moja tu, na mimi simjibu kwa mdomo. Namjibu kwa mkono. Nikisikia break kwenye habari ya uzi, vidole vidogo vinaachana. Nikiisikia kwenye habari ya saa, kiganja kinakwenda shavuni. Stop, ngumi. Halt, ngumi. Cease, ngumi ileile, na maneno yao matatu yote yakaenea ndani yake. Kichwa changu ni kizito, siwezi kukitetea, lakini mikono yangu haijawahi kusahau kitu. Kwa mambo mapya ambayo mtambo wa zamani haukuwa nayo, Mama ndiye aliyetutungia ishara. Ile ya kuanza upya aliitoa bila kusita, akafuta kiganja kimoja kwa kingine, namna mtu anavyokung'uta unga. Jioni hizo alikuwa anatusubiri mlangoni. Tangu aondoke kiwandani hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo la kazi, na mimi niliona aibu kwamba sikuwahi kumuuliza.

Wiki ya pili tukaupeleka mwendo huo kwa wenzetu. Wakati wa chakula tulikuwa tunakaa juu ya marobota, wifi anasoma, mikono yetu sote inajibu, na aliyekosea tunamcheka mpaka analia. Kwenye jaribio la pili nilipata kumi na nane. Mkufunzi akashangaa. "Mnasomaje nyie?" akauliza. Tukamwambia tunajitahidi tu. Sijui kwa nini tulificha. Labda tulizoea kwamba watu wa ofisini hawana habari na mikono yetu.

Kosa hilo lilitugharimu siku yenyewe.

Mtihani ulifanyika ghorofani, kwenye chumba cha mikutano. Kulikuwa na zulia, na kimya kiasi kwamba nilisikia kalamu ya jirani ikikuna karatasi. Meneja mwenyewe alikuwa anapita katikati ya meza. Nikasoma swali la kwanza, nikalijua. La pili, la tatu. Kwenye la nne mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe, vidole vidogo haviwezi kuachana bila mkono wa pili, kwa hiyo nikaweka kalamu chini nikafanya ishara nzima. Nilipoinua macho nikaona wenzangu wote wako vilevile. Mmoja ngumi, mwingine kiganja shavuni, mwingine anashusha vidole kifuani.

"Wekeni kalamu chini," Meneja akasema.

Akakusanya karatasi, moja moja, bila haraka. Alisema ametuona kwa macho yake tukipeana majibu kwa ishara. Alisema alidhani sisi ni watu wazima. Alisema mtihani umefutwa na wote kumi na wawili tutapata barua kabla ya Ijumaa.

Kwa kawaida hapo ndipo ninapowaka. Nilishasimama, nilishavuta pumzi, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni yasingetusaidia. Ndipo nikaona mkono wa wifi pembeni ya meza. Ngumi. Nikasimama nayo hiyo ngumi mpaka moyo ukashuka.

"Meneja," nikasema, "tugeuze."

"Unasema?"

"Tugeuze ukutani. Kila mtu atazame ukuta, migongo kwa migongo. Utupe karatasi nyingine. Kama majibu nayatoa kwa mwenzangu, hapo nitayakosa."

Meneja akataka kukataa, ilionekana usoni. Lakini mkufunzi alikuwa ameshafungua faili lake. "Ninayo seti ya pili," akasema. "Maswali tofauti kabisa." Meneja akatazama saa, akatazama sisi, akakunja mikono. "Haya. Geukeni."

Tukakokota meza, tatu kila ukuta, mbalimbali. Yaliyotokea nyuma yangu sikuyaona, nilikuwa na rangi nyeupe ya ukuta mbele ya pua. Mkufunzi ndiye aliyetusimulia. Alisema mwanzo Meneja alizunguka kama askari. Kisha akasimama. Kisha akavuta kiti akakaa, anatazama migongo kumi na miwili na mikono inayokwenda mbele ya kuta, ngumi, vidole, viganja, na hakuna mtu hata mmoja anayemwona mwenzake. Akamnong'oneza mkufunzi, "Wanaongea na nani?" Mkufunzi akamwambia, "Nadhani wanajikumbusha kazi yao, bwana."

Mimi nilikuwa na vita vyangu. Seti ya pili ilikuwa ngumu. Kuna maswali niliyaacha wazi, na mengine niliyabahatisha. Swali la thelathini lilisema Hand over to the next operator. Hiyo hand over ilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa orodha, na mimi nilikuwa nimeishia wa tatu. Hand nilijua ni mkono. Next nilijua ni anayefuata, na operator ni sisi. Nikakaa nalo. Kabla sijaamua kitu, mkono wangu ukagonga meza mara mbili, nikasikia Meneja anashtuka nyuma, kisha kiganja changu kikafunguka kuelekea ukutani. Nikaandika nilichokifanya, nilikuwa sina kingine cha kuandika. Nitagonga fremu mara mbili, nitafungua kiganja, nitamngoja mwenzangu aweke chake.

Kesho yake mkufunzi aliniita peke yangu. Karatasi yangu ilikuwa mezani. Kumi na tisa, na swali la thelathini alikuwa amelizungushia duara bila kuweka alama.

"Mama, wote nimemaliza kuwasahihisha, umebaki wewe. Hapa nilitegemea neno kukabidhi," akasema. "Hii ni nini?"

Nikagonga meza yake mara mbili, nikafungua kiganja, nikamtazama. Alisita. Kisha taratibu akaweka chake juu.

"Sasa nenda nyumbani," nikamwambia. "Mtambo ni wangu."

Akachukua kalamu, akaweka alama ya vema, akaandika ishirini, akapigia mstari. Kisha akaniambia hakuna aliyepata barua, wote kumi na wawili tumepita, na kwamba Meneja anataka ishara zetu zichorwe na kubandikwa kando ya vioo, kwa ajili ya shifti nyingine. Nikalia mbele yake, na sikujali.

Akaniuliza nataka mtambo upi. Nikaomba namba saba.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa kwenye meza ya jikoni, mbele yake mashati ya mume wangu na kopo la vifungo. Hakuna ishara ya mtihani kwenye mikono yetu, wala ya kufaulu. Nikazungusha vidole viwili hewani, mtambo unakwenda, nikajigusa kifua.

Akaacha sindano. Mtambo upi, akauliza.

Nikainua vidole saba.

Akaweka shati pembeni, akasukuma kopo, akasimama kwa kujishika kwenye meza, maana magoti yake yamechoka. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa ngumi. Akaunyoosha mgongo wake wote. Kisha akagonga meza mara mbili, kwa nguvu, vifungo vikaruka ndani ya kopo, akanifungulia kiganja.

Nikaweka changu juu yake, na shifti ya Mama ikaisha.