Kikohozi Sebuleni

Kikao cha asubuhi cha mtandaoni kilipomalizika, msimamizi alifunga kompyuta, akapeleka kikombe jikoni, na huku nyuma mtoto akakohoa sebuleni. Msimamizi hakuwa na mtoto. Alisuuza kikombe, akakikausha, kisha akaenda kuangalia. Kochi lilikuwa tupu, ila mto mmoja ulikuwa umebonyea.

Alikuwa anasimamia watu wanaopokea simu za wateja wa kampuni ya maji, kila mmoja akiwa kwake. Hakuwahi kushikana mkono na hata mmoja wao. Siku hizi sauti za nyumba zao zilikuwa zinabaki kwake baada ya kikao: redio ya huyu, ugomvi wa majirani wa yule. Alishazizoea, kama mtu anavyozoea friji inayonguruma.

Kikohozi kilikuwa cha binti wa Chiriku, mmoja wa wapokea simu hao. Wenzake walimbandika mama huyo jina hilo kwa kupenda maneno, lakini wiki hiyo alikuwa anajibu kwa mkato.

"Nyumbani kwema?" msimamizi alimuuliza kesho yake, mbele ya wote.

"Kwema, bosi."

Kampuni ilikuwa imetoa amri kwamba anayenyanyuka kwenye kiti saa za kazi anahesabiwa hayupo. Aliyewasomea amri hiyo ni msimamizi mwenyewe.

Kikohozi kilizidi. Msimamizi akampigia mkurugenzi, akamwombea Chiriku ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali.

"Ameomba mwenyewe?"

"Hapana."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Namsikia mtoto anakohoa hapa kwangu."

"Basi kama yuko kwako, mama yake anashindwa nini kufanya kazi?"

Msimamizi alisema sawa. Alitandika shuka kwenye kochi, akaweka glasi ya maji ya uvuguvugu karibu. Maji yalipungua kidogo. Alhamisi mchana kikohozi kilikatika. Walimzika mtoto jioni hiyo, baada ya saa za kazi.

Ijumaa Chiriku aliingia kikaoni kwa wakati, macho yamevimba. Wenzake walimpa pole mmoja mmoja. Msimamizi naye alimpa pole, kisha akasoma idadi ya simu zilizopokelewa jana. Chiriku ndiye aliyeongoza.

Wengine walipotoka, yeye alibaki.

"Bosi, nina ombi."

"Sema, mdogo wangu." Hakuwahi kumwita hivyo.

"Kikaoni nimesikia kicheko cha mwanangu huko kwako. Yuko hapo?"

Msimamizi aligeuka. Nyuma ya kochi mtoto alikuwa anacheka peke yake, visigino vikigonga sakafu.

"Yuko. Anacheza."

"Ruhusa ya msiba wameniambia nisubiri mwisho wa mwezi. Basi usifunge mashine yako, dada. Niache nimsikie."

Msimamizi alisogeza kompyuta hadi kwenye kochi. Upande wa pili simu ya mteja ikaita, Chiriku akaipokea.

"Kampuni ya maji, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

Mtoto aliisikia sauti ya mama yake, akanyamaza kimya, kama alivyofundishwa kunyamaza mama akiwa kazini.