Vipande Vinane vya Uwanja wa Charlotte

Ishbel Geddes alikuwa mwalimu wa dansi asiyejua kusamehe mguu. Ungekanyaga nje ya mstari wako katika ukumbi ule wa kanisa, Edinburgh, angekukaripia mpaka mpiga akodiani akuonee huruma. Lakini Jumamosi hiyo mwenyewe alikuwa amefunga kamba za viatu mara tatu, na bado zilifunguka.

"Mwalimu, leo umepaka rangi ya mdomo!" Catriona, mwanafunzi wake mtundu, akamchokoza.

"Wewe cheza kwa miguu, mdomo wangu uuache."

Rangi ilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa imeketi karibu na birika la chai: Struan Pirie, mzee sasa, goti bovu, amekuja kutoka Kanada na Jumanne anarudi. Miaka arobaini na mmoja hawakuonana. Ishbel alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini aliondoka bila kumaliza.

Maana dansi waliyokuwa wakienda kuicheza ilikuwa ya Struan. Ujanani, kila Jumapili, wawili hao walizunguka Uwanja wa Charlotte pande zote nne, wakichungulia bustani ya katikati kupitia vyuma. Lango lilifungwa, funguo walikuwa nazo wenye nyumba za pale, na wao wawili walikuwa wapangaji tu wa vyumba vya juu huko Leith. Struan akaitungia mizunguko ile dansi ya taratibu: jozi nne, pande nne, hakuna anayeingia katikati. Kisha wakagombana juu ya safari ya Kanada, na kesho yake karatasi ya dansi hiyo ikapenyezwa chini ya mlango wa Ishbel. Dansi hiyo ilitakiwa kuwa na vipande thelathini na viwili vya muziki, kila kipande hesabu moja ya mchezaji. Struan aliandika ishirini na vinne. Vinane vya mwisho vilikuwa mistari mitupu.

Ishbel aliusoma utupu ule kama tusi. Hata kumaliza ameona taabu! Akaujaza mwenyewe kwa hasira: kila mtu arudi mstarini kwake, ainame, basi. Ndivyo alivyofundisha miaka yote.

Struan akaja kumwomba wacheze, mkono mbele, kama desturi inavyotaka. Wakacheza, goti likilalamika. Walipomaliza pande nne, Ishbel akarudi mstarini, akainama. Struan akaingia katikati, akabaki pale peke yake mpaka muziki ukaisha.

"Mzee, unatuharibia mstari!" Catriona akacheka.

Struan hakumsikia. "Nani aliyeimaliza hivi?"

"Mimi. Wewe si ulishindwa?"

"Sikushindwa, Ishbel. Nilikuachia wewe. Nilisema moyoni, akitaka niende, atanyamaza. Akitaka nibaki, ataniletea vipande vyake vinane. Nikakungoja pale langoni Jumapili nzima, nikalowa chepechepe."

"Si ungesema!"

"Si ungeuliza!"

Majuto ni mjukuu, na wa Ishbel alikuwa amekwisha kuota mvi. Alimpenda mtu huyu wakati ule, anampenda sasa, na miaka yote ya katikati aliipoteza kwa kiburi cha karatasi moja.

Watu wakapiga makofi kutaka irudiwe, kama wafanyavyo dansi ikiwanogea. Mpiga akodiani akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Wakazunguka tena pande nne. Kipande cha ishirini na nne kilipokwisha, Ishbel hakurudi mstarini. Akaingia katikati, akamshika Struan mikono yote miwili, wakazunguka polepole papo hapo, huku jozi nyingine zikigongana kwa kutojua ziende wapi.

"Mwalimu, mstari!" Catriona akapiga kelele.

"Nyamaza. Nahesabu."

Alipofika sita alitamani kurudi kwenye mbili. Alipofika saba Struan alikuwa analia waziwazi. Hesabu ya nane ikaja hivyo hivyo, akodiani ikanyamaza, nao wakaachiana mikono, wakainamiana.