Kinywaji cha Mshenga Wangu

Abdulrahim ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Miaka thelathini iliyopita alipeleka barua ya posa Endagikot kwa wazazi wa Bernadina, na siku ya harusi, ilipofika zamu ya kugonga glasi, sisi tuliinua divai naye akainua maji ya bomba. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha deka kwa miaka minne, yeye chini, mimi juu, na tulikula sahani moja. Kumwona amesimama na maji yake peke yake kuliniuma. Kwa hiyo jubilei yetu ilipokaribia, Januari hii, nilimwahidi mbele ya mkewe, Sada: "Safari hii tutagonga kinywaji kimoja, na hakitakuwa na tone la kileo."

Binti yetu Oliva alinitumia kwa simu maelekezo ya divai ya matunda yenye viungo vya Kihindi, ya kunywa wakati wa joto. Nilipanga kugawa matunda na viungo katika ndoo mbili, kisha kutia divai katika moja tu. Plamu na mapichi ya shambani kwetu, kijijini Daudi, yalikuwa yameiva. Sada aliniuzia iliki, mdalasini na karafuu dukani kwao, mjini Mbulu. Ijumaa alasiri nilivaa miwani, nikaanza kazi kama nilivyofundishwa: maelekezo husomwa mstari kwa mstari na kutekelezwa mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ulisema, "Mimina divai yote juu ya matunda yote." Nikamimina.

Jumamosi asubuhi Bernadina alifunua ndoo, akanusa, akatabasamu. Kisha akauliza, "Na ya Abdulrahim iko wapi?"

Nilitazama ndoo ya pili. Ilikuwa tupu, safi, imefunikwa kwa kitambaa. Nilikuwa nimeyatii maelekezo yote nikaisahau ahadi yangu mwenyewe, na mitini halikubaki tunda hata moja.

"Shemeji, ichemshe tu," alisema Nikolausi, mdogo wake Bernadina. "Kileo kitapaa na mvuke. Mzee wa watu ataonja karafuu, basi."

"Akiniuliza kuna nini ndani?"

"Matunda. Hapo umemdanganya?"

"Nimemdanganya."

"Miaka thelathini dada yangu anaishi na mahakama," alisema, akajimiminia kikombe.

Misa ilikuwa saa tano. Saa moja na nusu nilipanda pikipiki, suti ikiwa mwilini tayari, nikaenda mjini kukiri kosa. Ningeweza kupiga simu, lakini kosa la namna ile hukiriwa uso kwa uso.

Abdulrahim alikuwa akipanga sabuni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama wima. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mkewe.

"Sada, njoo uone. Kiranja wa bweni amejiripoti mwenyewe. Enzi zile alituandika sisi kwa kupiga kelele."

"Nilikuandika mara mbili tu."

"Mara saba. Uwanja mzima wa mpira nimeufyeka kwa mwandiko wako."

"Adhabu yake ipo," alisema Sada. "Shemeji, vua koti. Machungwa yako kwenye kile kikapu. Usiniachie ule weupe, unaleta uchungu."

Nilikaa juu ya kreti nyuma ya duka, nikamenya machungwa ishirini. Sada alibandika maji na sukari, akaponda iliki kidogo ili zifunguke, akavunja mdalasini, akahesabu karafuu tano.

"Maelekezo yalisema kumi," nilisema.

"Aliyeyaandika yuko hapa?"

"Hayupo."

"Basi menya."

Shira ilipopoa aliimimina juu ya machungwa, akaongeza pasheni na juisi ya zabibu nyekundu, akakoroga. Harufu ilifika barabarani. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi aliuliza tunauza nini. Abdulrahim alimjibu kwamba ile ni adhabu ya mtu, haiuzwi.

Pikipiki niliiacha dukani; walinishusha kanisani kwa gari lao, pamoja na ndoo, kengele ikilia. Tulipokuwa tukirudia ahadi zetu za ndoa, Bernadina alinusa mkono wangu, akanong'ona, "Umemenya shamba zima?"

Mchana ndoo ziliwekwa kwenye meza mbili, kila moja na upawa wake. Rangi ilikuwa moja, kwa hiyo nilitangaza mwenyewe ipi ina divai na ipi haina, asiwepo wa kukisia. Shangazi Marieta, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, alionja zote mbili kwa ajili ya haki, kisha akarudia ile ya divai kwa ajili ya haki zaidi.

Ulipofika wakati wa kugonga glasi, Bernadina alichota ya divai.

"Leo tunakunywa ya Sada," nilimnong'oneza.

"Ahadi uliitoa wewe. Mimi nimekuvumilia miaka thelathini, nakunywa divai."

Walio karibu walicheka. Nilikwenda kwenye meza ya Sada, nikajaza glasi mbili kutoka ndoo moja, nikampa mshenga wangu ya kwanza.

"Shemeji," aliita Nikolausi kutoka nyuma, "divai umehangaika nayo tangu jana, na hujaionja."

"Nitaionja ikibaki."

"Haitabaki."

Tuligonga watatu, Bernadina katikati. Abdulrahim alikunywa yote bila kupumua, akafuta masharubu, akaninyooshea glasi nimwongeze. Nilimwongeza, kisha nikajiongeza mwenyewe.