Mihogo Iliyokwanguliwa Nusu

Jumapili ile mvua ilianza kabla misa haijaisha, na katika mji wa Monción mvua ikinyesha Jumapili hakuna anayeuliza kitapikwa nini. Ni sancocho, supu nzito ya nyama na mihogo. Dilenia aliporudi kutoka kanisani na mwanawe Yulisa mgongoni, viatu mkononi, alimkuta mama mkwe wake ameshabandika sufuria kubwa kwenye mafiga ya jiko la uani. Kuku yumo, mbuzi yumo, ndizi mbichi zimo, na boga limeanza kuyeyuka na kuupaka mchuzi rangi yake.

"Umekawia," alisema Mama Eduvigis bila kugeuka. "Padri alikuwa anahubiri au anasimulia maisha yake?"

"Vyote viwili, mama. Nisaidie nini?"

"Kata parachichi. Mihogo yako nimeshaimenya, nimeshaitia."

Dilenia alikata parachichi. Harufu ya bizari na machungwa makali ilimjaza pua, tumbo likanguruma. Wiki nzima alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kuoka casabe, mkate mkavu wa muhogo, akikwangua mihogo michungu kuanzia asubuhi hadi jioni, na Jumamosi alipotoka alibeba kikapu cha mihogo mitamu, aliyopewa na baba yake shambani, kwa ajili ya sufuria hii hii.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya jirani, kama kawaida. Mama Eduvigis aliijaza, akaifunika kwa sahani nyingine, na Dilenia akaipeleka mbio kwa Mzee Ulises huku mvua ikimpiga kichwani. Aliporudi, shemeji yake Confesor alikuwa ameegesha pikapu mlangoni na ameshakaa mezani, lakini kijiko amekilaza.

"Mbona huli?" mama yake alimuuliza.

"Nakula, mama. Polepole."

"Polepole! Umeshakula barabarani, mwizi wewe. Harufu ya vitunguu saumu nimeisikia tangu hujashuka garini."

Confesor akacheka. "Mofongo kidogo tu, pale kwenye mgahawa wa Nurys. Ndizi imepondwa na nyama ya nguruwe iliyokauka vizuri, mama, inalia kama mbao. Ningepitaje?"

"Nenda kaolewe na Nurys. Mimi nimesimama kwenye moshi tangu asubuhi, mtoto wangu ananiletea tumbo lililojazwa na mwanamke mwingine."

Yulisa alicheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Alikuwa na miaka minne, na bibi yake alikuwa amempondea muhogo kwenye mchuzi hadi ukawa uji mzito, na mtoto alikuwa akiuchota kwa kijiko kikubwa kuliko mdomo wake.

"Na huyu naye," Mama Eduvigis aliendelea, akimwelekezea Dilenia kidole chenye mafuta. "Siku hizi mkamwana wangu amegundua ujanja. Ananiletea mihogo imekwanguliwa nusu! Nusu amefanya yeye, nusu amemwachia mama mkwe. Mitatu mizima nimeikuta hivyo kikapuni, kichwa cheupe, mkia na udongo wake."

Confesor akapiga meza kwa kicheko. Dilenia hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa anainua kijiko chake cha kwanza; akakirudisha sahanini.

Nyumbani hakuna anayekwangua muhogo nusu. Muhogo wa kupika unaukata kwa kisu, unaubandua gamba lote, basi. Kukwangua nusu ni kazi ya nyumba ya casabe peke yake. Mkwanguaji wa kwanza anaushika muhogo kwa upande wenye udongo, anakwangua nusu, anamtupia mwenzake. Wa pili anaushika pale palipo safi, anamalizia, ili weupe usiguswe na udongo wowote. Na mihogo ya kule ni michungu, yote. Lazima ikunwe, ikamuliwe, maji yake yamwagwe mbali ambako kuku hafiki, ndipo iwekwe kwenye chuma cha moto.

Jumamosi Dilenia alikaa kando ya Tirsa, mkwanguaji wa kwanza, ambaye hutupa bila kutazama. Kuna mara moja Dilenia aliinuka kufuata kuni. Kikapu chake cha nyumbani alikuwa amekiacha pale pale Tirsa anapotupia. Jioni alikifunika kwa kitambaa kwa ajili ya mvua, akakibeba, hakukitazama tena.

"Mama," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Ile mitatu umeitia?"

"Niitupe? Mihogo mizuri vile?"

Dilenia akanyoosha mkono na kukipiga kijiko cha mtoto. Kikaruka, mchuzi ukamwagika kifuani kwa Yulisa, naye akaanza kulia.

"Una wazimu?" Mama Eduvigis alisimama. "Umempigia nini mtoto?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Dilenia aliiona waziwazi, kama mlango ulioachwa wazi. Angeweza kusema ameona nzi. Labda moto umeuua uchungu. Labda hakuna litakalotokea, na asingekuwa yule aliyeleta sumu nyumbani kwa mume wake wakati mume yuko Puerto Plata akijenga hoteli za watu. Lakini bakuli la mtoto lilikuwa limebaki robo.

"Msile," alisema. "Hakuna kula tena. Ile mitatu ni ya kazini. Ni michungu. Nimeileta mimi, mama, bila kujua."

Confesor akaisukuma sahani yake mbali. Mvua tu juu ya mabati.

"Mchuzi haukuwa mchungu," Mama Eduvigis alisema taratibu. "Nimeuonja."

"Umetia machungwa makali na pilipili, mama. Ungeusikiaje?"

Mama mkwe alilitazama bakuli la mjukuu wake, lile alilolipondaponda kwa mkono wake mwenyewe, na uso wote ukamshuka. Hakutukana. Kutotukana kwake ndiko kulikomtisha Dilenia kuliko yote.

"Mimi sijala hata vijiko vitatu," Confesor alisema, ameshasimama, funguo mkononi. "Mlete mtoto. Upesi!"

"Na Mzee Ulises," Dilenia alisema. Sahani ile aliipeleka mwenyewe.

Alikimbia. Mzee alikuwa barazani, sahani tupu magotini, akiifuta kwa kipande cha casabe.

"Mwambie Eduvigis leo amepika kupita siku zote," alisema.

"Inuka, babu. Twende hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Wewe."

"Mimi? Mbona hamkuniambia?"

Alibebwa akinung'unika kwamba hajavaa kofia. Ndani ya pikapu Yulisa aliketi mapajani pa mama yake, bibi yake kando yao. Mpaka daraja la kwanza alikuwa akilia, na Dilenia alimshukuru Mungu kwa kila kilio. Baada ya daraja akanyamaza. Akasema kichwa kinazunguka. Akatapika mchuzi wa manjano kwenye gauni la mama yake, na pumzi zake zikaanza kwenda haraka haraka, fupi fupi, kama za kifaranga kilichoshikwa.

"Usilale, mwanangu. Nitazame. Nani huyu?"

"Bibi."

"Na mimi nani?"

Mtoto hakujibu. Confesor akakanyaga mafuta, matope yakaruka hadi kwenye kioo.

Hospitalini waliuliza umeliwa muhogo kiasi gani, saa ngapi, ulichemshwa kwa muda gani, na Dilenia alijibu kila swali bila kuficha, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Walimtia mtoto sindano, mrija, na kitu cha hewa usoni. Mama Eduvigis naye alitapika, na Mzee Ulises alitapika akimlaani Nurys wa mofongo, aliyesikia akitajwa garini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri. Daktari alisema sufuria kukaa bila mfuniko kumesaidia kidogo, maana sumu nyingine imetoka na mvuke, tena kwamba wamefika kwa wakati. Halafu akasema wangoje. Wakangoja. Dilenia alihesabu pumzi za mwanawe, akipotea anaanza upya.

Jua lilikuwa limetoka, limeshalala upande, Yulisa alipofungua macho.

"Mama, nina njaa."

Muuguzi alileta bakuli la supu, kuku na viazi, mvuke ukitoka. Dilenia alikipokea kijiko, akakijaza, akakileta karibu na mdomo wa mtoto, na mkono ukagoma pale. Mtoto alisubiri mdomo wazi.

Mama Eduvigis, rangi yake bado kama majivu, alikichukua kijiko kutoka vidoleni mwake. Akanywa yeye. Akangoja, ametazama ukuta, na hakuna aliyemharakisha, hata mtoto. Muda ukapita mrefu. Akanywa kijiko cha pili.

"Mpe sasa," alisema.

Dilenia hakuweza. Basi bibi akamlisha mjukuu, taratibu, na kila kijiko kilipoingia mdomoni, wanawake wote wawili walitazama koo lile dogo mpaka lilipomeza.